Wavu wa Serikali

Karakana niliyokuwa nikishona shanga mjini Cairo ilikuwa na redio moja, na redio ile haikuhama stesheni. Ilikuwa Idhaa ya Qur'ani Tukufu, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1964. Tangu tunapofungua mlango asubuhi hadi tunapofunga jioni ilikuwa ikisoma, nasi tumeinamia vitambaa. Tulikuwa wanawake watupu, sote na mitandio, na mmoja wetu alivaa nikabu ambayo aliipandisha akishakaa kwenye kiti chake. Vilivyokuwa mapajani mwetu ni sidiria za kuchezea densi, mikanda ya kiuno na sketi zilizopasuliwa hadi pajani.

Cairo nilifuata mume. Yeye alikuwa mwanafunzi wa Al-Azhar, na posho ya mwanafunzi ilitosha kodi na mkate, ikabaki kidogo ya nauli. Tulipanga chumba Hay al-Ashir, upande wa Nasr City, walikojaa wanafunzi wa Kiafrika na familia zao. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani tangu Mombasa. Jirani yangu wa Kimisri aliponiona nikidarizi kofia akaniambia mkono kama huo haukai bure, akanipeleka kwa mwenye karakana mmoja nyuma ya soko la Muski. Sote tulimwita Abla, kama Wamisri wanavyomwita dada mkubwa. Alinipa sindano, uzi na gramu chache za shanga, akanitazama nikitunga, kisha akasema nirudi kesho yake.

Mkanda wa densi ukiuona jukwaani unadhani ni kitambaa cha kung'aa tu. Ndani una matabaka ya kitambaa kizito yaliyoshonwa pamoja hadi yakawa magumu kama soli ya kiatu, maana mkanda ukilegea hauna kazi. Juu yake huja satini, juu ya satini puleki, na kwenye ukingo wa chini matamvua: nyuzi za shanga zilizotungwa moja moja na kuning'inizwa. Abla alinifunza kupiga fundo kila baada ya shanga chache, ili uzi ukikatika zimwagike hizo chache, si utamvua mzima, kwa kuwa mchezaji huenda akawa pekupeku na kioo sakafuni hakina huruma. Shanga nzuri zilitoka Chekia, za bei nafuu China. Kwa macho zilifanana. Ukizitikisa ndipo ulipojua: za kioo zilisema, za plastiki zilinyamaza. Mkanda uliokamilika ulikuwa mzito wa kumchosha aliyeushika kwa mkono mmoja, na uzito huo ndio siri yake. Kiuno kikisimama, matamvua bado yanakwenda, na mtazamaji huendelea kuona mwendo ambao mwili umeshaumaliza.

Wateja wengi walikuwa wageni, Wajapani, Wajerumani, Wabrazili, Warusi, na kiangazi walikuwa wakipigana vikumbo mlangoni. Karibu wote waliamini wananunua vazi la kale, lile walilovaa wanawake wa Kiislamu katika majumba ya masultani. Mombasa nako, shangazi yangu alipopata habari alinipigia simu. "Mwanangu, wenzako huenda Misri kusoma dini. Wewe umekwenda kuwavua nguo wake wa Kiislamu?" Mjerumani na shangazi wangekutana wasingeelewana kwa lolote ila hili: wote wawili walilihesabu vazi lile kuwa mtoto wa Uislamu, mmoja akimwona mtoto mzuri, mwingine akimwona haramu. Nami nilikuwa nimelishika mkononi kutwa nzima, na sikujua ni la nani. Ndipo nilipoanza kuuliza, na kusoma nilichoweza kupata.

Mwingereza Edward William Lane aliishi Cairo miaka ya 1820 na 1830. Alijua Kiarabu, alivaa kama wenyeji, na mwaka 1836 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu mila za Wamisri wa zama zake. Anaeleza makundi mawili. Awalim walikuwa waimbaji walioalikwa majumba ya wakubwa. Walikaa upande wa wanawake, na wageni wa kiume waliisikia sauti kupitia kimia cha mbao bila kuiona sura. Ghawazi ndio waliocheza hadharani, njiani na kwenye nyua, nyuso wazi. Kuhusu nguo za hao ghawazi, Lane anasema zilifanana na zile ambazo wanawake wa tabaka la kati walivaa majumbani mwao: koti refu la kubana liitwalo yelek, na suruali pana ya shintiyan, ila vitambaa vya kifahari. Hapana tumbo wazi, hapana sidiria ya shanga. Nguo yenyewe kila mke wa mfanyabiashara alikuwa nayo sandukuni. Lililowakera watu ni kwamba nguo ya ndani ya nyumba imetolewa barabarani na kila apitaye anaitazama.

Mwaka 1834 mtawala Muhammad Ali Pasha aliwafukuza ghawazi kutoka Cairo, akawapeleka kusini, Esna na miji mingine ya Misri ya Juu. Densi haikufa. Mjini pengo lilizibwa na wanaume waliocheza wamevaa nusu kike, na kusini watalii waliwafuata wanawake hukohuko. Gustave Flaubert, mwandishi Mfaransa, alifika Esna mwaka 1850 na kukutana na mchezaji aitwaye Kuchuk Hanem, akamwandika. Flaubert na wachoraji na waandishi wenzake walimjaza Mzungu wa nyumbani kichwa chake na mwanamke wa Mashariki ambaye daima amelala kwenye mito akisubiri. Picha hiyo ilifika mbali kuliko Mmisri yeyote.

Wamisri wenyewe walipofika, watu walishangaa kuwaona wamevaa. Katika maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893 kulikuwa na kitongoji kizima kilichoitwa Mtaa wa Cairo, na wachezaji wake walichezea hadharani mbele ya umati. Wamarekani waliokwisha kusikia juu ya "densi ya tumbo", jina walilochukua kwa Wafaransa, walikwenda kulitazama hilo tumbo. Picha za wakati ule zinaonyesha sketi ndefu, kizibao kifupi, mikufu ya sarafu, na shati jepesi lililofunika tumbo. Hata hivyo Anthony Comstock, mpiganaji wa maadili wa New York, alitaka pafungwe. Waigizaji wa Kimarekani nao hawakukawia, wakaanza kuiga, na kila aliyeiga alipunguza kitambaa.

Vazi nililokuwa nikilishona mimi lilianza hapo, kwenye majukwaa ya Wazungu. Mata Hari, ambaye alikuwa Mholanzi, alitumbuiza Paris mwaka 1905 na vikombe vya vito kifuani akijifanya mchezaji wa hekalu. Maud Allan, mzaliwa wa Kanada, aliujaza ukumbi wa London mwaka 1908 kwa ngoma yake ya Salome, amevaa lulu na shanga kifuani na sketi ya kitambaa chepesi. Salome ni binti wa hadithi ya Biblia, wala hana sehemu katika Uislamu, lakini kwa mtazamaji wa London Mashariki yote ilikuwa nyumba moja. Hollywood ikaichukua sidiria ile, na mwaka 1917 Theda Bara akaivaa akiwa Cleopatra, malkia aliyekufa karne nyingi kabla ya Mtume kuzaliwa.

Kisha ikarudi Cairo. Mwaka 1926 Badia Masabni, mwanamke wa Sham, alifungua ukumbi wake mjini humo. Kulikuwa na tiketi, meza, orkestra na taa za umeme, na wateja walikuwa mapasha, wafanyabiashara, Wazungu, baadaye na maofisa wa jeshi la Kiingereza. Badia alijua wateja wake wameona filamu, na wametoka na picha yao kichwani. Lakini mimi ni fundi, na naona sababu nyingine ambayo wenye vitabu huipita haraka. Densi ya chumbani ni ya karibu. Nyonga ikipanda kidogo, aliyeketi mkekani anaiona. Ukiipandisha jukwaani, aliye safu ya nyuma haoni kitu. Shanga, puleki na matamvua viliuokota ule mwendo mdogo, vikaupa taa, vikaupeleka hadi kwenye meza ya mwisho. Vazi lile lilikidhi haja ya ukumbi mkubwa. Mitaani na vijijini wanawake waliendelea kucheza na magauni yao, shali imefungwa nyongani, na mpaka leo ndivyo.

Kwa Badia walipita Tahia Carioca na Samia Gamal, na sinema ikawachukua kutoka hapo. Filamu ya Afrita Hanem ya mwaka 1949, Samia Gamal akiwa pamoja na Farid al-Atrash, ilimfanya jini awe mchezaji. Filamu za Kimisri zilifika pwani yetu pia, Unguja na Mombasa. Nyanya yangu alikuwa akizisimulia kwa nyimbo zake, akakuimbia Kiarabu asichokijua maana. Nikimuuliza juu ya mavazi alicheka na kuziba mdomo kwa leso. Pwani hii ilikwishazoea kuchukua muziki wa Misri tangu Sultan Barghash wa Zanzibar alipompeleka Mohamed bin Ibrahim kujifunza ganuni huko. Tulichukua ganuni, udi na fidla, tukachukua mpangilio wa orkestra na mwimbaji aliyesimama kwa adabu. Vazi la densi hatukulichukua. Aliyetaka kucheza mbele ya taarabu aliinuka na baibui au gauni lake la harusi, akatunza, akarudi kukaa.

Mwezi Januari 1952 Cairo iliungua, na kumbi za starehe zikawa miongoni mwa vilivyolengwa, ukiwamo ule uliokuwa wa Badia kwenye uwanja wa Opera. Miezi michache baadaye mfalme alikwisha kuondoka. Serikali mpya ya wanajeshi haikuifuta densi, ila iliitungia masharti, na sharti kubwa lilikuwa tumbo lifunikwe. Mafundi wakapata jibu: wavu. Kitambaa cha matundu, rangi ya ngozi, kinachoshonwa kati ya sidiria na mkanda. Kutoka mbali hauuoni. Polisi wa adabu akija kukagua, anaukuta. Mwaka 1959 Mahmoud Reda alianzisha kundi lake akafuata njia nyingine, akawavika wasichana magauni ya mitindo ya mikoa ya Misri, na serikali ikajivunia kuwapeleka ng'ambo. Wa hotelini wakabaki na wavu wao. Masharti hayo hayajaisha: mwaka 2018 mchezaji kutoka Urusi alikamatwa Cairo kwa tuhuma zinazohusu alichovaa chini ya sketi.

Wavu ule niliushona sana, na sikumbuki kazi iliyonichosha akili zaidi. Ungemwuliza sheikh yeyote pale Al-Azhar, mwendo mfupi tu kutoka karakanani, angekwambia kitambaa kinachoonyesha ngozi hakifuniki kitu kisheria. Kuna hadithi mashuhuri inayowataja wanawake waliovaa nao wako uchi. Ungemwuliza mchezaji, angekwambia unawasha. Haukuwaridhisha wenye dini wala wenye densi. Uliwekwa kwa ajili ya faili.

Siku moja aliingia mama wa makamo, nikabu nyeusi, glavu mikononi, akifuatana na binti yake. Mgeni angedhani amepotea njia ya msikiti. Alikuwa amekuja kununua. Misri, badla, yaani vazi la densi, huingia katika vitu vya bibi harusi, pamoja na mashuka na masufuria, na familia za watu wa dini huinunua sawa na nyingine. Mama yule aliuvuta uzi wa matamvua kujaribu nguvu yake, akaigeuza sidiria kutazama bitana, akauliza bei, akashtuka kama inavyopasa. Kisha akaingiza kidole kwenye wavu.

"Na hiki cha nini?"

"Hicho cha serikali, Hajja," Abla akamjibu. "Wa mahotelini hawaruhusiwi bila hicho."

"Kitoe. Huyu anamchezea mumewe, hamchezei afisa."

Abla akanipa mkasi. Nikautoa wavu ule uzi kwa uzi huku msomaji wa redioni akiendelea, na mama yule akifuata kisomo kwa midomo.

Nilikumbuka darasa la madrasa la ukubwani. Aya ya 31 ya Sura An-Nur, ambayo kila mwanamke wa Kiislamu husomeshwa, inaamuru kushusha mtandio kifuani na kutodhihirisha mapambo. Watu wengi huishia hapo. Lakini sehemu kubwa ya aya ile ni orodha ya watazamaji: mume, baba, mkwe, wana, ndugu, wana wa ndugu, wanawake wenzake, watoto wadogo. Na karibu na mwisho wake inakataza kupiga mguu chini ili pambo lililofichwa lijulikane, na wafasiri wanaeleza kuwa wanawake wa zama zile walivaa furungu na kuzipigisha ili wanaume wasikie. Furungu yenyewe haikukatazwa, wala mguu. Swali ni nani yuko karibu. Ndiyo maana wanavyuoni wengi wanamharamishia mwanamke kucheza mbele ya wanaume wasio maharimu wake hata akiwa amejifunika, na haohao hawana neno akimchezea mumewe kwa vazi lolote alitakalo. Katika hadithi sahihi Mtume aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bi Aisha akawatazama. Dini iliyokuwa na chuki na mwili unaocheza isingehifadhi habari hiyo.

Ghuba kuna mfano mwingine. Harusini, wanawake wa huko hucheza wamevaa thobu pana ya darizi, pana hata huwezi kujua mwili ulipo, wakirusha nywele huku na huku. Hiyo ni densi ya wanawake Waislamu na vazi lake. Hakuna mtalii anayeinunua aipeleke kwao, kwa sababu haifanani na sinema.

Mombasa sisi tuna chakacha. Mtu anayedhani kukata kiuno kumeletwa na filamu hajakaa kesha la harusi Mji wa Kale. Leso inafungwa nyongani kwa nguvu, ngoma inapigwa, na bibi wa miaka 70 anaweza kuwafedhehesha wajukuu zake. Bibi harusi hufundwa na somo wake, na kiuno kimo katika mafunzo. Yote haya yamefanyika karne hata karne katika mji wa misikiti, na maimamu wanajua wake zao wako wapi usiku ule. Kisha miaka ya 1980 bendi zilipoitia chakacha gitaa na mahoteli ya ufukweni yakaipandisha jukwaani, mambo yakawa yaleyale ya kwa Badia. Leso ikapanda juu, blauzi ikafupika, shanga zikaongezeka kwa ajili ya meza ya nyuma. Waliolalamika wakasema ngoma imeharibika. Mimi naona ngoma ilikuwa ileile. Iliyobadilika ni hadhira.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoliita vazi lile la Kiislamu, iwe kwa kulisifu au kwa kulilaani. Ni vazi la jukwaa. Lilichorwa Ulaya na Marekani kwa njozi ya Mashariki, likapata mwili wake Cairo kwa sababu ya taa na tiketi, likakatiwa masharti na serikali. Edward Said, msomi wa Kipalestina aliyeandika kitabu kizima kuzikosoa njozi hizo, alimwona Tahia Carioca akicheza alipokuwa kijana, na mwaka 1990 akaandika makala ya kumsifu. Alichovutiwa nacho ni jinsi alivyosogea kidogo sana. Tahia mwenyewe uzeeni alijitanda hijabu, akafa mwaka 1999 akiwa nayo. Sijaona ajabu. Abla alisali sala tano na kushona mikanda, na zaka alitoa katika pesa hizohizo.

Shangazi naye nilipokwenda likizo nilimpelekea mkanda mmoja, mdogo, wa shanga za kioo. Aliupima uzito, akautikisa kando ya sikio, akaniuliza kama naweza kumshonea wa kumpa mwari wake anayemfunda. Hakuuliza tena habari za dini.

Linalonisumbua sasa halina shanga. Nimerudi Mombasa, na ninashona nguo za harusi. Kwenye sherehe ya kupamba bibi harusi, wanawake huvua baibui, hufungua nywele, hucheza watakavyo, wakijua ukumbi mzima ni wa wanawake. Simu imeliharibu hilo. Namjua dada mmoja aliyeinuka dakika chache kumchezea mpwa wake, na kabla hajafika nyumbani kaka za mumewe walikwisha kumwona kwenye skrini. Alikuwa na gauni refu la mikono mirefu. Hapakuwa na kosa lolote katika kitambaa, na bado alidhulumiwa. Wenye kumbi wengi sasa wanaweka mtu mlangoni wa kukusanya simu, na wageni wanamgombeza kama amewaita wezi.

Msimgombeze. Ukialikwa kupamba, mpe simu yako. Na kama hakuna wa kuiomba, izime mwenyewe uitie mkobani.